Vizuizi vya Juu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Tofali aligeuza matofali. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake darasani walimwita hivyo kwa sababu baba yake alikuwa mfyatua matofali, na pia kwa sababu akishashika jambo hakuna wa kumbandua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba mwalimu alipomwita kwa jina lake halisi, alichelewa kuitika.

Kugeuza matofali mabichi si kazi ya mikono mizito. Tofali likikauka upande mmoja tu, hujipinda. Likibanwa kwa nguvu, hubaki na alama za vidole mpaka siku litakapoingia ukutani. Kwa hiyo msichana yule aliyainua taratibu, akayasimamisha kwa ubavu ili upepo uyapate pande zote, kisha akayafunika kwa nyasi yale yaliyofyatuliwa jana. Baadaye alinawa, akavaa, akakimbia shule.

Mwaka huo matofali ya baba yake yalikuwa mazuri kupita kawaida. Hayakupasuka juani wala hayakuvunjika mkokotenini. Mafundi ujenzi walikuja kutoka mitaa ya mbali, wakayagonga moja kwa jingine na kuyasikiliza yakilia kama kengele. Baba alitembea uani kifua mbele. Wafyatuaji wenzake walipomuuliza udongo ule anautoa wapi, aliwajibu kwamba anaupika mwenyewe jikoni mke wake akiwa kazini.

Tofali alijua unakotoka. Alikuwa amekwenda na baba yake mara nyingi, akisukuma toroli kwa nyuma.

Juu ya mji, kwenye mteremko, lilikuwapo korongo refu. Mvua za zamani ndizo zilizolichimba, wakati watu walipokata miti na kulima mpaka ukingoni. Kila msimu wa mvua lilimega shamba la mtu, na udongo ulioliwa huko juu ulishuka na kijito, ukaziba daraja, ukaingia katika nyumba za Mtaa wa Chini. Watu walikuwa wamezoea kuinua magodoro juu ya meza.

Ndipo ilipofunguliwa Ofisi ya Bonde. Kazi yake ilikuwa kutunza ardhi yote ambayo maji yake huteremkia kijito kile, kuanzia vileleni hadi darajani. Ilikuwa ofisi ndogo, chumba kimoja na gari moja bovu, na watu waliicheka wakisema serikali imeajiri watu wa kupanda nyasi. Afisa wake alikuwa mama mmoja mwembamba aliyevaa viatu virefu vya mpira mvua na jua. Kwa kuwa kila alipoonekana alikuwa anatoka korongoni, watu walimwita Mama Korongo, naye aliitika bila kununa.

Mama huyo aliwakusanya wakazi, na kwa pamoja wakajenga vizuizi. Vilikuwa kuta fupi za mawe zilizokatiza korongo, kimoja juu ya kingine, kama ngazi. Mawe yaliletwa kwa trekta kutoka machimboni. Maji yakishuka kwa kasi hukigonga kizuizi, hupunguza mbio, huacha udongo wake nyuma ya mawe, kisha hupita juu polepole kwenda kwenye kizuizi kinachofuata. Tangu vilipojengwa, Mtaa wa Chini haukuinua magodoro tena.

Vizuizi vya chini, karibu na daraja, Mama Korongo alivikagua mwenyewe. Vya juu vilikuwa mbali, na njia ya kwenda huko ilikuwa mbaya. Wakazi walikubaliana mmoja wao avitunze, apande kuvikagua kila baada ya mvua na kutoa taarifa ofisini. Walimchagua mfyatua matofali, maana uwanja wake ndio uliokuwa karibu zaidi, na alikuwa mtu anayeaminika.

Miaka ikapita, vizuizi vya juu vikajaa. Nyuma ya kila kimoja udongo ulilingana na ukingo wa mawe, tambarare kama sakafu. Mtu mwingine angepita tu. Lakini mfyatua matofali akiona udongo, huutia kiganjani kwanza. Baba aliuchota, akaulowesha, akausugua kati ya vidole. Maji yalikuwa yameuchuja vizuri kuliko chujio lolote. Haukuwa na changarawe wala mizizi.

"Kizuizi kikishajaa, kazi yake imekwisha," alimwambia binti yake. "Ni kama gunia. Likijaa, unalimwaga."

Alianza na toroli moja, kisha nyingine, na mwisho akaumaliza udongo wote. Mawe yaliyobaki wima bila kitu nyuma yake yalionekana hayana maana, na baba alihitaji mawe. Alikuwa anajenga tanuru jipya, na mawe ya kijitoni hayafai kwa tanuru, kwa sababu hubeba unyevu ndani na kupasuka kwa kishindo motoni. Haya ya machimboni yalikuwa makavu na magumu. Akayashusha moja moja, akayapanga chini ya tanuru kama kuta za mashimo ya kuni. Tofali alimsaidia. Baba alimwomba asiseme huko nje, akidai kwamba watu wana wivu na wakijua udongo ulipo wataumaliza. Msichana hakuona ubaya. Baba yake ndiye mtunzaji wa vizuizi. Nani angejua zaidi yake?

*

Jambo la kwanza kubadilika lilikuwa bomba la shule, lililopata maji yake kutoka kijito kile. Siku moja, mvua ikiwa bado haijanyesha hata tone, bomba lilikohoa, likatema maji ya kahawia, likanyamaza.

Rafiki yake Tofali, ambaye kwa kusema kwake bila kituo aliitwa Redio, alitazama ndani ya ndoo. "Chai ya maziwa hiyo," alisema. "Sukari kila mtu alete ya kwao."

Watoto walicheka, wakayaacha maji yatuame, wakayanywa. Juma lililofuata madawati kadhaa yalikuwa matupu kwa sababu ya matumbo ya kuhara, na mwalimu akapiga marufuku kunywa maji yasiyochemshwa. Hakuna aliyecheka tena.

Kisha njia ya mkato ikaanza kupungua. Watoto wa upande wa juu waliitumia kwenda shule. Ilipita kando ya korongo, na kati yake na ukingo palikuwa na majani ya kutosha mbuzi kulala. Kila walipopita, majani yale yalikuwa machache zaidi. Asubuhi moja wakakuta njia yenyewe imemegwa, ukingo mbichi umekatika kama mkate, na mizizi ya nyasi inaning'inia hewani. Walizunguka mbali kidogo na kukanyaga njia mpya. Siku chache baadaye na hiyo ikaliwa.

Jioni, Tofali akiwa anafunika matofali, alisikia sauti kutoka juu. Ilikuwa sauti nzito, fupi, kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Kisha kimya. Kisha tena. Alimtazama baba yake. Baba alikuwa ameisikia pia, kwa sababu mikono yake ilisimama juu ya kalibu ya kufyatulia matofali. Aliikung'uta kalibu, akaijaza udongo, akaendelea.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kulala juu ya vilima, Mama Korongo alikuja uwanjani. Tanuru lilikuwa limewashwa siku hiyohiyo na moshi ulitambaa chini chini. Tofali alimwamkia, akamletea kigoda. Yule mama alikataa kuketi. Alieleza kwamba kijito kimechafuka mapema kuliko kawaida na hajui kwa nini. Ana makorongo mengine ya kukagua kabla ya mvua, gari limekufa, na angependa kujua kama vizuizi vya juu ni salama.

Baba alichochea kuni. "Vipo," alisema. "Vimesimama."

"Vyote?"

"Vyote, afisa. Wewe shughulika na huko kwingine."

Mama Korongo alishukuru. Alisema amemwondolea mzigo mkubwa, kwani sasa anajua namna ya kupanga kazi. Vya juu vikiwapo, maji hushuka kama mtu anayeteremka ngazi, na Mtaa wa Chini hupata muda wa kutosha wa kuondoka. Vya juu visipokuwapo, alisema akitabasamu kidogo, hata yeye asingekuwa na la kufanya ila kukimbia. Kisha akaondoka, viatu vyake vikipiga makofi kwenye udongo.

Tofali alikuwa amesimama na kigoda mkononi. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilikuwa Mtaa wa Chini, nyumba ya tatu kutoka darajani. Redio na bibi yake waliishi nyumba ya pili.

Kesho yake alitoka shule akapanda korongoni peke yake. Palipokuwa na ngazi, sasa aliona mtaro mtupu. Ukingo wote wa upande wa juu ulikuwa umebaki bila cha kuegemea, umeinama ndani. Mti mkubwa ulisimama pale juu, nusu ya mizizi yake ikiwa nje, imeshika hewa. Alipoukaribia aliona ufa ardhini, umejipinda kama mundu kuuzunguka mti, mpana kiasi cha kuingiza kiatu. Alitupa kokoto ndani. Ilichukua muda kufika.

Alirudi mbio akamweleza baba. Baba alimsikiliza huku akitazama moto. Uso wake ulikuwa na masizi, na chini ya masizi ulikuwa na hofu, lakini sauti yake ilikuwa kali. Alisema tanuru likishawashwa halizimwi. Likizimwa katikati, matofali yote yanakuwa takataka, na yale ndiyo kazi yao ya mwaka mzima. Mawe yako chini ya moto. Moto ukiisha na tanuru likipoa, atayarudisha yote mahali pake, na hakuna atakayejua.

"Na mvua ikija kabla?" aliuliza Tofali.

"Hayo ni mambo ya wakubwa."

*

Mvua ilikuja kabla.

Ilianza asubuhi wakiwa darasani, nyembamba, bila upepo. Kufikia saa tano ilikuwa imeificha milima. Paa la mabati lilipiga kelele hata mwalimu akaacha kufundisha na kuandika tu ubaoni. Saa sita aliwaruhusu, akiwataka wanaoishi Mtaa wa Chini wapite darajani kabla maji hayajajaa.

Tofali hakupanda kwenda nyumbani. Alifuatana na Redio hadi darajani. Huko walimkuta Mama Korongo amesimama kando ya kizuizi cha chini, koti la mvua limemganda mwilini. Kwenye nguzo ya daraja ofisi ilikuwa imepaka mstari mwekundu. Maji yakifika pale, mtu wa ofisi hugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kando ya daraja, na mtaa mzima huondoka. Watu wachache walisimama chini ya vibaraza wakiutazama mstari ule.

Maji yalikuwa yamekaribia kuugusa. Kisha, mvua ikiwa bado inamwagika vilevile, yakaanza kushuka.

Yalishuka kama maji ya beseni lililotobolewa. Mawe yaliyokuwa yamefunikwa yakachomoza migongo. Kelele za kijito zikapungua mpaka watu wakaanza kusikia mvua yenyewe. Fundi viatu wa mtaa ule, mzee mpenda mzaha, alimwambia Mama Korongo kwamba leo korongo limemsusa, afadhali aende nyumbani akabadili nguo. Watu wakacheka kwa kupata nafuu. Mmoja mmoja wakaingia ndani.

"Ni vizuizi vya juu," alisema Mama Korongo, nusu kwa wasichana na nusu kwa nafsi yake. "Vinayashika. Ndiyo kazi yake."

Tofali alitazama juu, upande wa korongo. Vizuizi vya juu vilikuwa chini ya tanuru, vinawaka moto. Kama haviko korongoni, basi ni nini kilichokuwa kinashika maji?

Alifikiria tanuru. Alimfikiria baba yake akisimama mbele ya watu, na macho yao. Kama angenyamaza na maji yakaendelea kushuka, basi lingekuwa limepita, na hakuna ambaye angejua. Kutoka nyumba ya tatu ilisikika cherehani ya mama yake, ikienda, ikisimama, ikienda.

"Havipo," alisema.

Mama Korongo aligeuka. "Nini hakipo?"

"Vizuizi vya juu. Hata kimoja."

"Baba yako aliniambia vimesimama."

"Baba ndiye aliyeviondoa," alisema Tofali. "Nilimsaidia."

Yule mama hakumkemea. Alimshika bega akamuuliza kuhusu ukingo, naye akamweleza yote: ukingo ulioinama, mti wenye mizizi nje, ufa uliojipinda kama mundu. Mama Korongo alitazama kijito kilichokuwa kimebaki kama utepe katikati ya mawe.

"Basi maji hayajapungua," alisema. "Ukingo umeanguka, umeyaziba. Yanajaa huko juu."

Alikimbilia reli, akaanza kuigonga kwa chuma kwa nguvu zake zote.

Watu walitoka milangoni, wakatazama mstari mwekundu, wakatazama maji, wakatazamana. Fundi viatu alisema kwamba sasa mama huyu amechanganyikiwa, maana anagonga reli maji yakiwa yanafika kwenye kifundo cha mguu. Wengine walikasirika, mvua ni kubwa, wana watoto wachanga na wagonjwa, watawatoaje nje kwa maji ambayo hata kuku anavuka. Mama Korongo alieleza mara moja, mara mbili, sauti ikikauka. Baadhi walirudi ndani na kufunga milango.

Tofali alikuwa tayari kwa mama yake. Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo. Mama alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akamtazama binti yake, na hakuuliza la pili. Alimfahamu mtoto wake. Aliacha nguo za watu mezani, akaanza kugonga mlango wa jirani, na wa jirani wa jirani.

Ndipo baba alipotokea. Alikuwa ameisikia reli kule kwenye tanuru. Alikuja akikimbia katikati ya mtaa, hana viatu, majivu yanamchuruzika usoni na kifuani pamoja na mvua. Alisimama darajani ambapo kila mtu angemwona.

"Nisikilizeni. Mlinipa vizuizi vya juu nivitunze, nami nimeviiba," alisema. "Nilimdanganya huyu mama. Hakuna kilichobaki kule. Tokeni."

Watu hawakumwamini afisa, lakini walimwamini mtu aliyejishitaki mwenyewe. Milango ikafunguka. Watoto wakatupwa migongoni, wazee wakashikwa mikono. Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikosa la kusema. Alisimama mlangoni akionyesha ndani kwa kidole, maana bibi yake hakuweza kutembea. Mfyatua matofali aliingia, akambeba bikizee yule kama mtoto, akapanda naye njia ya shule. Mama Korongo aliendelea kugonga reli mpaka nyumba ya mwisho ilipobaki tupu, ndipo naye akaiacha akakimbia.

Walikuwa uwanjani mwa shule walipoinusa. Ilikuja kwanza harufu, harufu ya udongo mbichi, kama ya kaburi lililochimbwa sasa hivi. Kisha sauti, kama malori mengi yanayomwaga mawe kwa pamoja. Kisha wakauona ule mti. Uliteremka umesimama wima, matawi yake yakitikisika, kana kwamba unatembea, na nyuma yake ukuta wa tope ulioujaza mtaro mzima. Uligonga daraja, daraja likatoweka. Tope liliingia Mtaa wa Chini kwa milango na kutoka kwa madirisha. Nyumba ya pili iliinama kama mtu aliyechoka, ikalala. Ya tatu ikaifuata.

Mama Korongo alipita kati yao akiuliza nyumba kwa nyumba nani hayupo. Wote walikuwapo.

*

Watu wa ofisi walifika kesho yake na wenzao kutoka mabonde ya jirani. Walipima kingo, wakaweka alama mahali pasipofaa kukaliwa, wakasafisha chanzo cha maji ya shule mpaka bomba likatoa maji yanayoonyesha mwanga. Waliosema ile ni ofisi ya kupanda nyasi walisaidia kubeba vipimo.

Mfyatua matofali aliitwa mbele ya mkutano wa wakazi. Aliondolewa utunzaji, na uwanja wake ukafungwa mpaka korongo litakapotengenezwa. Hakujitetea. Tanuru lilipopoa alilibomoa ili arudishe mawe, lakini moto ulikuwa umeyala. Yaligawanyika mikononi kama mikate mikavu. Ikabidi mengine yaletwe upya kwa trekta, na trekta haikuweza kupita ng'ambo ya ukingo uliobomoka. Kuanzia hapo, msimu wote wa kiangazi, aliyabeba begani. Mwanzoni alikuwa peke yake. Baadaye wafyatuaji wenzake walimfuata, na fundi viatu naye, ingawa mzaha wake ulikuwa mwingi kuliko mawe yake. Ofisi iliwaonyesha mahali pengine pa kuchimba udongo, mbali na kijito. Ulikuwa udongo mkaidi, wenye changarawe, wa kukanyagwa kwa miguu kutwa nzima. Hakuna aliyelalamika.

Shuleni, Tofali hakupata raha. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyependa kumwimbia kwamba amemuuza baba yake mbele ya mtaa mzima. Redio alimjibu kwamba bibi yake yuko hai kwa mauzo hayo, na kama anataka amlete aonane naye. Hata hivyo maneno yale yalimwuma Tofali, kwa sababu baba yake alikuwa hajawahi kulizungumza naye jambo lile. Walikula pamoja, walifanya kazi pamoja, lakini kila kilipotajwa kijito au mvua, baba aliinuka akatafuta kitu cha kushika.

Siku ya kupanda nyasi kwenye kingo, shule nzima ilipanda korongoni. Vizuizi vya juu vilikuwa vimesimama tena, vipya, vyeupe, nyuma yake pakiwa patupu. Mwalimu alimwomba Mama Korongo aseme na watoto. Yeye alijipangusa tope mikononi, akasema kuna anayelijua somo hili kuliko yeye, akamwita mfyatua matofali.

Baba alikuja mbele taratibu. Alitazama wanafunzi, akatazama viatu vyake, kisha akaweka kiganja juu ya jiwe la kizuizi.

"Mimi nilisema kizuizi kikijaa, kazi yake imekwisha," alianza. "Nilikosea. Kikijaa ndipo kazi yake inapokuwa kubwa, kwa maana kinaushika ule udongo usishuke, na udongo unazishika kingo zisianguke. Mimi niliona matofali tu. Siku moja na hivi vitajaa. Mtu akija na toroli, mrudisheni."

Upepo ulizipitia nyasi zilizokuwa zimelala kwenye vikapu.

"Na hii Ofisi ya Bonde, nilidhani ni gari na koti la mvua. Nikadhani vinatosha. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa kwenye vilima vyote. Anapanga ulinzi wetu sisi wa chini kwa taarifa tunazompa sisi wa juu. Nilipomdanganya, alikuwa bado amesimama palepale darajani, anajitahidi, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumpofusha. Mkitaka ofisi hii iwafae, ipeni mikono yenu, na ipeni ukweli, hata ukweli unaowatia aibu. Huo hasa."

Kisha akamtafuta binti yake katikati ya watoto, akamwona. Sauti yake ilishuka, lakini kulikuwa kimya na wote waliisikia.

"Wapo wanaosema mwanangu aliniuza. Kama angeninyamazia, leo ningekuwa bado nalo tanuru langu, na nisingekuwa na mke, wala huyo rafiki yenu msemaji, wala bibi yake. Ningekuwa na matofali mazuri, sina wa kumjengea." Alisogea hatua moja kuelekea kwake. "Mwanangu, nilichelewa kukuambia. Ulifanya vizuri. Mimi ndiye niliyepaswa kusema kabla yako."

Tofali alijipenyeza kati ya wenzake. Alichukua kapu la nyasi, akashuka hadi ukingoni alipokuwa baba yake, akapiga magoti. Baba alichimba, naye akapanda. Nyuma yao wanafunzi wengine wakajipanga, mvulana yule akiwa miongoni mwao, na mstari wa nyasi ukaanza kurefuka kando ya korongo.

Juu ya vilima mawingu yalikuwa yanakusanyika tena. Mama Korongo aliyatazama kwa muda, akamgeukia mtunzaji mpya wa vizuizi vya juu, ambaye wakazi walikuwa wamemchagua kwa kura ya mikono wiki ile. Alikuwa mama yake Tofali.

"Hali ikoje kule mwisho kabisa?" alimuuliza.

"Kizuizi kimoja kimelegea pembeni," alijibu fundi cherehani. "Nimeona kwa macho yangu leo asubuhi."

"Basi twende tukakikaze kabla mvua haijafika," alisema Mama Korongo, na wakapanda.